Dereva wa Bajaji Hayumo Kwenye Bajeti

Ukipiga 114 usiku wa manane kuwaeleza Zimamoto kwamba nyumba inaungua, utaulizwa uko wapi. Jibu la mkazi wa Dar es Salaam halijabadilika miaka yote: "Manzese, ukishuka Tip Top ingia na njia ya ndani, ukiliona duka la Mangi kata kushoto, halafu uliza." Maelekezo hayo yanamfaa kabisa mgeni wa msiba saa nne asubuhi. Saa nane usiku, umeme umekatika mtaa mzima, hakuna wa kuulizwa, maana kila aliye macho ameshika ndoo.

Serikali imejaribu kulimaliza tatizo hili. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, na kabla ya Sensa ya mwaka huo vijana walipita mitaani wakiweka namba milangoni na kusimika vibao vya majina ya barabara. Upo hata mfumo wa simu, NaPA, unaokuonyesha nyumba kwenye ramani. Namba nyingi bado zipo, nyingine zimefunikwa na rangi mpya. Lakini sijawahi kumsikia jirani akimwelekeza fundi wa friji wala dereva wa bodaboda kwa namba ya nyumba. Na mtu asiyeitumia namba siku ya amani hataikumbuka paa likiwaka.

Sensa ile ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Sehemu kubwa yao wanaishi Tandale, Buguruni, Keko, Vingunguti, Mbagala na kwingineko ambako nyumba zilitangulia, wapimaji wakafuata au hawakufika kabisa. Huko njia nyingi zinatosha watu wawili kupishana, mmoja akijibana ukutani. Gari la Zimamoto likifika linaegeshwa barabarani, askari wanashuka na kuanza kuunganisha mipira kipande kwa kipande, wakipenya katikati ya kamba za nguo, majiko ya mama ntilie na bajaji mbovu iliyotelekezwa kichochoroni. Mradi wa DMDP, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umepasua barabara za lami na mitaro katika baadhi ya maeneo haya, na waliojengewa wanajua zimewafaa vipi. Anayekaa nyumba ya tano kutoka kwenye lami bado yuko mikononi mwa jirani.

Kisha kuna ile lawama isiyokosekana kwenye moto wowote: "Wamekuja bila maji." Mara nyingine wanaosema hivyo wana haki ya kukasirika. Mara nyingi, hata hivyo, gari lilikuja na maji, likayamaliza. Tangi la gari la kuzimia moto likifunguliwa kwa nguvu zote linaisha kwa dakika chache, na baada ya hapo lazima gari likajaze. Kwa kawaida mji huwa na mabomba maalumu ya Zimamoto kila baada ya hatua kadhaa, gari linachomeka mpira na kazi inaendelea. Ya kwetu ni machache, na baadhi yamefukiwa wakati wa kujenga barabara au yamezungushiwa ukuta na mtu aliyeona ni chuma kisicho na mwenyewe. Soko la Kariakoo, lile jengo lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa 10 Julai 2021, katikati ya jiji kabisa, penye barabara za pande zote. Kama Kariakoo iliungua namna ile, usimlaumu sana askari aliyeshindwa kuifikia nyumba ya uchochoroni Vingunguti.

Jeshi lenyewe si kongwe kwa sura yake ya sasa. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa mikononi mwa halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kazi yake kubwa, kwa mtazamo wangu, hata si kuzima. Ni kukagua: nyaya za umeme, milango ya kutokea, vizimia moto ukutani. Bahati mbaya ukaguzi unakuja na tozo, na mwenye duka akimwona askari na kitabu cha risiti anamhesabu kama mtoza ushuru mwingine. Ananunua mtungi mwekundu, anautundika juu ya kaunta, na wala hajui pini yake inavyovutwa.

Jumamosi ya 16 Novemba 2024 tuliona mji ukiwa tena mikononi mwa jirani, safari hii kwa ukubwa mwingine. Jengo la ghorofa Kariakoo liliporomoka asubuhi, biashara zikiwa zimeshachangamka, wachuuzi wa mikoani wameshaanza kufunga mizigo yao. Waliofika kwanza kwenye kifusi hawakuwa na sare. Walikuwa wapagazi, wauza viatu, mafundi wa jirani, watu waliokuja na nyundo, na wengine na mikono mitupu. Vikosi vya serikali vilifika, jeshi likafika, mitambo ikafika, na kwa siku kadhaa kazi ikafanywa na wote kwa pamoja. Waliokuwa wamenaswa chini walikuwa wakiwasiliana na ndugu zao kwa simu, na waokoaji waliwapitishia hewa na maji kwenye matundu. Watu zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai. Zaidi ya 20 walifariki.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo, na hatua hiyo ilistahili. Lakini kila anayepanga fremu pale anajua mambo ambayo hayahitaji kamati: ghorofa linaloongezwa juu ya msingi wa zamani, chumba kinachochimbwa chini ili kupata stoo nyingine, ukuta unaotobolewa usiku. Kodi ya fremu moja Kariakoo ni kishawishi kikubwa. Kibali cha ujenzi kimebandikwa kwenye ubao wa bati, mkaguzi amepita, na jengo linaendelea kunenepa. Siku likianguka tunaanza kuhesabu magari ya wagonjwa, kana kwamba gari la wagonjwa ndilo lililopaswa kulizuia.

Tukifika hospitali, hali ni nzuri kuliko wengi wanavyokiri. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua Idara ya Magonjwa ya Dharura iliyokamilika, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo hapa hapa nchini. Aliyekuwa akipelekwa "kajualti" miaka ya nyuma anakumbuka jinsi foleni ilivyokuwa foleni: aliyewahi ndiye wa kwanza, hata kama wa nyuma yake amezimia. Sasa mgonjwa anapimwa mlangoni, na aliye hatarini zaidi anatangulizwa. Fedha za mpango wa UVIKO-19 za mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3 kwa sekta zote, zilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi na kununua mitungi, vitanda na mashine. Amana, Mwananyamala na Temeke ni hospitali za rufaa za mkoa, na Taasisi ya Mifupa, MOI, ipo palepale Muhimbili. Mlango wa hospitali umetengenezwa. Njia ya kumfikisha mtu mlangoni ndiyo iliyoachwa kwa wasamaria wema.

Jioni moja nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa, kijana wa bodaboda akagongwa na gari mbele yetu. Gari likakimbia. Hakuna aliyepiga simu kuomba gari la wagonjwa. Sidhani kama hata mmoja wetu alifikiria hivyo. Dereva wa bajaji iliyokuwa inapita aligeuka akamwambia abiria wake, "Mama samahani, naomba ushuke," mama akashuka bila neno, hata nauli hakudaiwa. Wanaume wanne wakambeba majeruhi kama gunia, mmoja akivuta mguu ambao ulionekana wazi umevunjika. Mtu aliyesomea angetuzuia. Angetuambia tumlaze juu ya ubao, tumshikilie shingo isicheze, tufunge kitambaa juu ya jeraha na kukandamiza. Sisi tulijua kitu kimoja tu, nacho ni kukimbia.

Mapokezi, dada aliyevaa sare nyeupe alimtazama mgonjwa, akatutazama sisi. "PF3 mnayo?"

"Dada, mtu anavuja damu."

"Naona, kaka. Tunamwanzishia dripu sasa hivi. Lakini ni ajali, mmoja wenu akimbilie kituoni."

Alitimiza alichosema, na nasema hivyo kwa sababu si wote hufanya hivyo. Tulikwenda kituoni mimi na dereva wa bajaji. Afande wa kaunta alikuwa mpole, kalamu yake nayo ilikuwa pole. "Wewe ndiye uliyemgonga?" alimuuliza mwenzangu.

"Hapana afande. Mimi nimembeba tu."

"Umembeba kwa nini?"

Swali hilo halina jibu. Akaambiwa aache namba ya simu na kitambulisho, na arudi kesho kuandikisha maelezo. Usiku tulipotoka alikwenda kuomba maji ya bomba aoshe siti, maana damu ikikaukia kwenye sponji haitoki. Bajaji haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri, na tajiri anataka hesabu yake kila jioni, ajali iwe imetokea au haikutokea.

PF3 ni fomu ya polisi. Inatolewa bure, ina nafasi ya polisi kueleza tukio na nafasi ya daktari kueleza majeraha, na kesho inaweza kuwa ushahidi mahakamani wa aliyepigwa, aliyebakwa au aliyegongwa. Bila karatasi hiyo mtu mwenye haki anaweza kukosa haki yake, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mahali ilipowekwa. Viongozi wa polisi na wa afya wamesema mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate, lakini bado kuna watu wanaopitia kituoni na mgonjwa akiwa ndani ya bajaji kwa kuhofia kurudishwa getini. Askari mmoja mwenye rundo la fomu, akikaa zamu ndani ya hospitali, angeimaliza safari hiyo. Kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia wazo hili limeshafanyiwa kazi: Amana ni miongoni mwa hospitali zenye kituo ambamo muuguzi, ofisa wa ustawi wa jamii na polisi wanapatikana sehemu moja, ili mwanamke asilazimike kusimulia kisa kile kile kwenye madirisha matatu. Sioni kwa nini mwendesha bodaboda aliyevunjika mguu asifikiriwe hivyo hivyo.

Ipo huduma moja ambayo imeukubali ukweli wa mazingira yetu badala ya kuukasirikia. Inaitwa m-mama, namba yake ni 115. Ilianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kwa ushirikiano wa serikali na wafadhili wakiwamo Vodafone Foundation, kisha Aprili 2022 ikazinduliwa rasmi kuwa ya kitaifa. Mjamzito, mzazi aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipata dharura, anayepiga simu anaulizwa maswali, mratibu anaamua kama kweli ni dharura, na anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, na mara nyingi hukosekana, anampigia dereva wa kawaida wa eneo lile, mtu mwenye gari lake ambaye aliandikishwa na kupewa maelekezo mapema. Hospitali inapigiwa iandae kitanda. Mgonjwa akishapokewa, kituo kinathibitisha, na dereva analipwa kwenye simu yake kulingana na umbali.

Ukiisoma haraka unaona ni jambo dogo. Lakini hebu angalia lilivyogeuza mambo. Kwa miaka tulikuwa tukisubiri siku kila kata itakapopata gari la wagonjwa, na gari likipatikana linakosa mafuta, ndugu wanachanga, au linakuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano. Waliobuni m-mama waliacha kusubiri. Waliona magari tayari yapo kijijini, yana madereva wanaolijua kila korongo, kilichopungua ni mtu wa kuyaita na mtu wa kuyalipa. Vifo vya wajawazito nchini vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa afya wa mwaka 2015/16; ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Sidai kwamba usafiri peke yake ndio uliofanya hivyo, kwa kuwa zahanati zimejengwa, vyumba vya upasuaji vimeongezeka na wanawake wengi zaidi wanajifungulia hospitali. Nasema tu kwamba huduma hii ilimhesabu dereva wa mtaani kama sehemu ya mfumo wa afya, ikamwandikia na malipo.

Dar es Salaam ina uhaba wa vitu vingi, lakini si wa vyombo vya usafiri. Katika kila makutano kuna kijiwe cha bodaboda na bajaji, chenye mwenyekiti, katibu, daftari la wanachama na mchango wa kuzikana. Vijana hawa wanajua uchochoro upi unatokea wapi, daraja lipi halipitiki mvua ikinyesha, na nesi gani anakaa nyumba ipi. Mwanza kuna jaribio ambalo limewafunza waendesha bodaboda huduma ya kwanza na kuwaita kwa ujumbe wa simu ajali inapotokea, wakishirikiana na Zimamoto. Dar bado tunawakamata vijana hao kwa kutovaa kofia ngumu asubuhi na kuwategemea jioni.

Mtaa nao una watu wake. Mjumbe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji, vijana wa ulinzi shirikishi wanaolipwa kwa michango ya nyumba kwa nyumba na kutembea na firimbi na rungu. Kwenye ngazi ya kata kuna mkaguzi wa polisi aliyepewa kazi ya kukaa na wananchi, huko makao makuu kuna namba 112. Imani ya raia kwa polisi imetikisika, na hilo ni jambo zito linalohitaji ukurasa wake lenyewe. Hapa itoshe kusema kwamba mtu anayeogopa kwenda kituoni kutoa taarifa atachelewa pia kwenda kuchukua PF3. Watoto wana namba yao, 116. Wizara ya Afya ina 199. Mtu aliyechanganyikiwa kwa hofu anatakiwa achague kati ya namba tano, kisha aelekeze kwa duka la Mangi.

Ujuzi huu wa wenyeji wa mtaa ulishawahi kutumika vizuri. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani na simu zao kupitia mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaro, nyumba na vichochoro vya maeneo yanayofurika. Waliwauliza wenyeji maji hufika wapi: goti, au kiuno? Kwa bonde la Msimbazi, ambalo Desemba 2011 lilipoteza watu kwa mafuriko na waliobaki Jangwani wakahamishiwa Mabwepande, hayo si maswali ya kinadharia. Mwaka huo huo wa 2015, mwezi Agosti, kipindupindu kililipuka jijini, na waliokwenda nyumba kwa nyumba kuangalia vyoo na kugawa dawa ya maji walikuwa mabwana afya na watu wa kujitolea wa mtaa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaochaguliwa na wakazi wenyewe, wakafunzwa na kulipwa posho. Ni wao watakaogundua kwamba bibi wa nyumba ya nyuma ameacha dawa za presha, wiki kadhaa kabla hajahitaji bajaji ya mtu yeyote.

Swali linalobaki ni la fedha, na ndipo vikao vingi huishia. Mimi naona chanzo kiko wazi. Kila chombo cha moto barabarani kinatakiwa kisheria kuwa na bima, na hakuna anayebishana na stika ile kwa sababu trafiki ataiangalia. Sehemu ndogo ya bima hiyo ikitengwa kwa ajili ya safari ya majeruhi kwenda hospitali, dereva aliyembeba angelipwa kama anavyolipwa yule wa m-mama: kituo kinathibitisha, simu inalia, hesabu ya tajiri imepatikana na sabuni ya kuoshea siti imo. Namba 115 ina waratibu, ina orodha ya madereva na ina njia ya kuwalipa. Kuifungulia ajali za barabarani mkoani Dar es Salaam, kwa kuanzia na hospitali tatu za rufaa na vijiwe vilivyo jirani nazo, ni uamuzi ambao Wizara ya Afya na kampuni za bima wanaweza kuujadili kabla ya bajeti ijayo.